Hatukuhama, Tulifukuzwa

Miaka ile nilikuwa naishi kwa kutafsiri. Nilikwenda China kusomea ufumaji wa nguo, serikali ikinilipia, na ilitarajiwa nikimaliza nirudi kusimamia mitambo kwenye kiwanda kimoja huko nyumbani. Nilipomaliza, kiwanda kilikuwa kimefungwa milango. Mama yangu aliniandikia kutoka Tanga kwamba wenzangu wa zamani pale kiwandani walikuwa wakiuza mihogo ya kukaanga. Basi nikabaki kulekule nilikosomea, Guangzhou.

Waswahili tulikuwa wachache, tukijuana kwa sura. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuja, na wengi walifika na kikokotoo mkononi na neno moja tu la Kichina, meiyou, yaani hakuna, kwa sababu ndilo waliloambiwa katika kila duka. Mimi niliwapeleka sokoni, nikawasemea na kuwasikilizia. Nilipanga chumba nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya sita, ngazi nyembamba zenye harufu ya mafuta ya karanga.

Kazi yangu niliiona nyepesi. Neno nililiona kitu cha kupokea upande huu na kukabidhi upande ule, na likikosewa, basi utaletewa vifungo vyeusi badala ya vya kijivu. Mtu aliyenitoa kwenye fikra hiyo alikuwa fundi cherehani wa Shahe.

Nilifika kwake nikiwa na mzee mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa mabuibui, mtu wa maneno machache, aliyevaa kofia ya viua hata kwenye joto la Agosti. Shahe ni mahali pa nguo za bei rahisi, vichochoro kwa vichochoro, na karakana yake ilikuwa juu ya duka la mabegi. Alikuwa na vyerehani sita na wanawake watano waliomfanyia kazi. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, umri wake kama miaka arobaini na mitano, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Hakuwa amewahi kuona baibui. Alilitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono, kisha akaniuliza:

"Anayelivaa anainua mikono mara ngapi kwa siku?"

Nikamtafsiria mzee. Akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

"Mwambie hashushi. Ana watoto, ana jiko, ana kamba ya kuanikia."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akachukua chaki, akalikata kwapa upya. Tangu siku ile mzee hakutaka fundi mwingine.

Kichina chake kilikuwa na lafudhi ambayo sikuijua. Wanawake wake walimwita Mvietnam akiwa hayupo. Nilipozoeana naye hata nikawa namwita dada, naye akiniita mdogo wangu, nilimuuliza. Akanieleza huku akishona, macho yasitoke kwenye sindano.

Yeye alikuwa Mchina aliyezaliwa Vietnam, katika mji wa bandari wa Hai Phong. Babu yake mzaa babu alikwenda huko, na ukoo wote ukawa wa huko. Kisha nchi mbili hizi zikakosana. Mwaka wa sabini na nane askari walipita mtaani kwao wakiwaambia Wachina waondoke. Baba yake alikamatwa kwa sababu alikataa kutia sahihi karatasi iliyosema anaondoka kwa hiari yake, naye akafia kizuizini. Dada huyu alivuka mpaka kwa miguu akiwa na mama yake, na China ikawapeleka kwenye shamba la serikali la watu kama wao, safari ya nusu siku kutoka Guangzhou, wakalima miwa. Mdogo wake wa kike alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na Mvietnam. Baadaye mume alifariki, na yule mdogo akafukuzwa kwenye nyumba na kwenye kazi. Akapanda boti pamoja na wengine, wakafika Hong Kong.

"Na sasa yuko wapi?" niliuliza.

"Kambini. Mwaka wa nane huu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimuuliza tena, akarudia. Wanawake na wanaume walikuwa wakikaa nyuma ya nyaya, wakilala kwenye vitanda vya ghorofa tatu, wakisubiri kuamuliwa kama ni wakimbizi au si wakimbizi. Mdogo wake alishaamuliwa. Si mkimbizi. Na ulikuwa mwaka wa mwisho kabla Waingereza hawajaikabidhi Hong Kong kwa China, kambi zilitakiwa ziwe tupu, na watu walikuwa wakipakiwa kwenye ndege kurudishwa Vietnam, wanaotaka na wasiotaka. Wasiotaka walibebwa mikono na miguu.

Miezi miwili baada ya mazungumzo hayo nilimkuta ameketi bila kushona. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake ikiwa mitupu. Alinipa barua ya mdogo wake niisome. Mwandiko ulikuwa mdogo mdogo, karatasi imejazwa hadi pembeni. Wakili mmoja mwanamke, aliyekuwa akiwasaidia watu wa kambini bila malipo, alikuwa amelifungua faili lake na kuyasoma maelezo aliyotoa siku ya kuhojiwa. Afisa alimuuliza kwa nini ndugu zake hawapo Vietnam. Jibu lililoandikwa lilikuwa: walihama kwenda China. Mwisho. Hakuna askari, hakuna baba, hakuna kifungo. Uamuzi wote ulisimama juu ya jibu hilo, kwamba watu wa familia hii huhama wanapotaka, na huyu naye amehama kutafuta maisha.

"Alisema walitufukuza," fundi aliniambia. "Ananiapia kwenye barua. Aliyekuwa anatafsiri ndiye aliyesema walihama."

Nilibaki na barua mkononi. Kwa lugha yetu ni kitenzi kimoja tu, tunakigeuza kwa silabi moja: tulihama, tulihamishwa. Mtu aliyechoka, mwenye watu ishirini wanaomsubiri mlangoni, anaweza kuimeza silabi hiyo na asijue. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumeza nyingi kama hiyo, kwa haraka, ili mteja na muuza duka wamalizane. Nilihisi damu ikinipanda usoni kana kwamba ni mimi niliyekosea.

"Wakili anataka nini?"

"Ushahidi. Kwamba baba alikamatwa na mtaa ulitolewa kwa nguvu. Kwa maandishi, kwa Kiingereza. Mimi sina karatasi hata moja, mdogo wangu. Mpakani tulivuka na sufuria." Akaivua miwani, akaifuta. "Lakini kule shambani yupo jirani yetu. Wewe unaandika Kiingereza. Na kila baada ya miezi mitatu unakwenda Hong Kong kugonga viza."

Mkaazi wa China wakati ule hakuweza kuvuka kwenda Hong Kong kwa kutaka tu. Mimi mwenye pasi ya Tanzania nilivuka bila kuulizwa.

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa mgeni, kibali changu kilining'inia kwenye mhuri mmoja, na sikujua kama kukusanya maelezo ya watu kuhusu mambo ya serikali tatu ni jambo la kusamehewa. Na kulikuwa na mabuibui ya mzee. Mzigo ulitakiwa kuingia kwenye kontena bandarini Huangpu wiki ile ile ili uwahi Unguja kabla ya Ramadhani, na fundi akisafiri, mzigo haumaliziki.

Nilikwenda kumweleza mzee hotelini kwake. Nilitarajia kuwa atakataa, na nafikiri nilitaka akatae. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiiviringisha tasbihi yake kwenye kidole.

"Ami, meli itaondoka," nikasema.

"Binti yangu, meli zipo nyingi." Akaiweka tasbihi mezani. "Mimi nina shangazi aliondoka kwetu wakati wa mtafaruku. Kila alikofika waliambiwa warudi walikotoka, yeye na watoto. Hajasimulia mpaka leo, ila akisikia hodi ya nguvu mlangoni anasimama." Kisha akasema, "Nenda na huyo mwanamke. Mabuibui nitayauza Idd ya mfunguo tatu."

Basi tukaenda. Tulipanda basi asubuhi, tukashuka mchana mahali ambapo barabara inakwisha na miwa inaanza. Shamba lilikuwa na nyumba ndefu za matofali zilizopangwa safu, zote sawasawa, na mbele ya kila mlango kulikuwa na mtungi wa maji. Wazee waliokuwa nje walimwita fundi kwa Kivietnam. Nilimsikia akijibu kwa lugha hiyo kwa mara ya kwanza, na sauti yake ikawa ya msichana.

Jirani yao alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, kipofu wa jicho moja, aliyewahi kuwa muuza mkaa. Tulimkuta kwenye bwalo la chakula la shamba. Fundi akapiga magoti karibu na kiti chake, akamweleza. Mzee akauliza swali moja tu:

"Huyu Mwafrika ataandika kila nitakachosema?"

"Nitaandika," nikasema kwa Kichina. "Sitapunguza."

Akakaa sawa. Akaweka mikono juu ya magoti, akafumba macho, akaanza.

"Nyumba ya kwanza upande wa mto, muuza mkaa, ndiye mimi. Watu saba. Tuliondolewa siku ya nne ya mwezi wa tano kwa kalenda ya zamani, alfajiri, askari watatu. Nyumba ya pili, mtengeneza tambi. Watu watano. Waliondolewa siku ile ile. Mkewe alikuwa na mimba, alijifungulia mpakani, mtoto hakuishi. Nyumba ya tatu, muunga mifupa..."

Aliendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, akishuka upande wa mto mpaka mwisho wa mtaa, kisha akavuka na kupanda upande wa pili. Jina la mkuu wa kaya, kazi yake, idadi ya watu, siku waliyoondolewa, walichoruhusiwa kubeba. Sikuamini. Nilipomkatiza niulize idadi fulani, alijibu, halafu akapotea, akarudi nyumba ya kwanza na kuanza upya, vilevile, bila kubadilisha neno. Nilikumbuka wanafunzi wa chuo cha Kurani waliohifadhi juzuu, namna ukiwakata katikati wanavyorudi mwanzo wa sura. Sikumkatiza tena.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya kina fundi. Mshona nguo, watu wanne pamoja na binti aliyeolewa. Baba alichukuliwa siku mbili kabla ya wengine, akitembea katikati ya askari wawili, kwa kuwa alikataa kutia sahihi. Hapo mzee akafumbua jicho lake zima, akamwangalia fundi.

"Alikuwa amevaa shati la buluu," akasema. "Alinikabidhi mkasi wake akaniambia niwape wanawe. Askari akaniona, akauchukua. Sikuwahi kukuambia. Niliona haya."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakulia. Kisha akasema, "Endelea, mjomba. Nyumba ya ishirini."

Nyumba zilikuwa arobaini na tatu. Alipomaliza, nilinyanyua macho na kuona bwalo limejaa. Watu walikuwa wameingia kimya, wakasimama ukutani, wazee wengi na vijana waliozaliwa pale pale shambani ambao nadhani hawakuwahi kusikia orodha ile. Mama mmoja wa makamo alijitokeza, akasema, "Mimi ni wa nyumba ya thelathini na moja. Anasema kweli." Mwingine akasema, "Nyumba ya sita." Mwingine tena. Walikuja mmoja mmoja mezani kwangu, wakasimama nyuma ya mwenzao, kila mmoja akiwa na kitu cha kuongeza, na siku yote iliyofuata niliandika.

Siku hiyo ya pili alikuja katibu wa shamba, mtu wa serikali, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mkono wangu ulisimama. Akauliza ni mkutano gani huu usio na kibali.

"Si mkutano," yule mzee akajibu. "Tunawahesabu majirani."

Katibu alivuta benchi akaketi. Alisikiliza maelezo ya watu watatu. Kisha akainuka na kutoka bila kuaga, na mimi nikaanza kukusanya karatasi nizifiche. Akarudi na kijisanduku cha bati. Ndani kulikuwa na mhuri wa shamba.

"Mhuri huu unasema tu kwamba watu hawa wanaishi hapa," aliniambia kwa sauti kavu. "Hausemi zaidi ya hapo." Akapiga mhuri ukurasa baada ya ukurasa, mwekundu, akiubonyeza kwa viganja viwili ili utoke vizuri. Chini ya kila mhuri wazee wakaweka dole gumba.

Nimewahi kuona mambo makubwa maishani, lakini nikiulizwa ni lini nilisimama mbele ya kitu kilichonizidi, ninalitaja bwalo lile. Watu wale walishapewa ardhi na nchi na sababu zote za kunyamaza. Aliyekuwa kambini hakuwa ndugu yao. Na bado hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo hili litamletea tabu gani.

Nilitumia siku tano kutafsiri. Sikutoka chumbani isipokuwa kununua chakula. Kila nilipofika kwenye kitenzi nilisimama. Walitolewa. Walisukumwa. Waliamriwa. Neno moja la Kichina lilinichukua asubuhi nzima, mpaka nikapanda basi kwenda Shahe kumuuliza fundi kama askari waliwagusa watu kwa mikono au walinyoosha bunduki tu. Alisimamisha cherehani akafikiri. "Bunduki," akasema. "Kwa mikono walimgusa baba peke yake." Nikarudi nikaandika hivyo.

Mpakani, afisa wa forodha alifungua begi langu akakuta rundo la karatasi zenye mihuri na madole. Aliuliza ni nini. Nikamwambia ni ushahidi wa ukoo, mambo ya nyumba na ndugu, na huo haukuwa uongo. Alisoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Foleni nyuma yangu ilianza kunung'unika. Kisha akazipanga vizuri kuliko alivyozikuta, akanirudishia.

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la samaki wakavu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi za mapema, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisoma kwa saa nzima huku mimi nikiwa nimekaa nikisikia wauza samaki wakipiga kelele chini. Aliponyanyua kichwa aliniambia jambo ambalo sikutegemea.

"Jina la mteja wangu limo kwenye orodha ya ndege ya wiki hii."

Akanieleza kwamba ili karatasi zile zikubalike mahakamani, lazima mtafsiri aape kuwa tafsiri yake ni ya kweli. Nikapelekwa kwenye ofisi nyingine, kwa bwana mmoja mwenye tai, akaniuliza dini yangu, akanitolea Msahafu uliofunikwa kwa kitambaa cha kijani. Sikuwahi kuapa kwa jambo lolote. Niliomba ruhusa kwanza nikatawadhe kwenye beseni la ofisi, naye akasubiri. Nikaweka mkono. Niliwafikiria watu wa mabuibui na vifungo, na maneno yote niliyoyapitisha kwa haraka miaka yote ile, nikaona kwamba hii ndiyo kazi yangu, na kwamba ilikuwa hivi tangu zamani ila mimi sikuitambua.

Siku iliyofuata wakili alinipeleka kambini kama mtafsiri wake. Nyaya zilikuwa ndefu kuliko nyumba. Nyuma yake kulikuwa na mabanda ya bati, na katika uwanja wa saruji, mbele ya mabanda, watu walikuwa wameketi chini. Sijui walikuwa wangapi, uwanja ulikuwa hauonekani kwa wingi wao. Wanawake walikuwa mbele, wameshikana mikono kwa viwiko, vitambaa vyeupe vichwani. Wakili alinong'ona kwamba walikaa hivyo tangu orodha ilipotangazwa, ili maofisa wakija kuwachukua waliomo kwenye orodha, wasiweze kuwatenganisha na wasiokuwemo. Wengi wa waliokaa hawakuwemo.

Nilitarajia kelele. Hapakuwa na kelele. Jua lilikuwa kali. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akimchana nywele mwenzake aliyekaa mbele yake, mkono mmoja tu, kwa sababu wa pili ulikuwa umeshikwa na jirani. Maofisa wenye ngao walisimama upande wa pili, na wao pia kimya. Nilijiona nimevua viatu moyoni, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Mdogo wake fundi tulimwona kwenye chumba cha wageni, dirisha la nyaya katikati. Walifanana paji la uso. Alikuwa mwembamba sana na nywele zake zilikuwa zimekatwa fupi. Wakili alimweleza habari za karatasi, na mimi nikatafsiri, kila neno mahali pake. Nilipofika kwenye nyumba ya kumi na tisa, aliweka vidole vyake kwenye nyaya.

"Muuza mkaa bado yu hai?"

"Yu hai. Amezisoma nyumba zote arobaini na tatu, kwa kichwa."

Akacheka na machozi yakimtoka. "Alikuwa akitufukuza na fimbo tukichezea mkaa wake." Kisha akanisogelea, akasema taratibu ili nisikose. "Mwambie dada yangu mimi sikusema tulihama. Siku ile nilisema walitufukuza. Nimekuwa nikilisema kila asubuhi tangu waliponisomea uamuzi, ili nisije nikalisahau nikaanza kuamini la kwao."

"Nitamwambia," nikasema.

"Dada anakohoa bado?"

"Hakohoi."

"Basi ni vizuri."

Muda ukaisha.

Hakimu alisoma zile karatasi siku mbili kabla ya ndege. Aliamuru mdogo wake fundi asisafirishwe mpaka kesi yake isikilizwe upya. Ndege iliondoka bila yeye. Lakini iliondoka. Watu walibebwa kutoka uwanjani asubuhi, na yule aliyelala kitanda cha juu yake kwa miaka sita alikuwa mmoja wao. Wakili alinipigia simu kunieleza. Nilipompelekea fundi habari, alikwenda dirishani, akauliza jina la huyo mwanamke aliyebebwa. Sikulijua. "Muulize wakili," akasema. "Hakuna aliyemwandikia nyumba zake."

Tukaulizia. Fundi akaandika barua Vietnam kumtafuta, tatu, nne, akaanza kukusanya maelezo ya watu wengine wa kambini waliokuwa na ndugu kwenye mashamba ya China. Jumapili alifunga karakana akapanda basi. Mara nyingine nilikwenda naye, mara nyingine alikwenda peke yake na daftari. Baadhi yao tuliwasaidia, baadhi walikuwa wamekwisha kuondolewa kabla karatasi hazijafika. Hakuacha. Nilimuuliza siku moja kama hachoki, akanitazama kana kwamba nimeuliza kama hachoki kupumua.

Mdogo wake aliachiwa baada ya zaidi ya mwaka. Vietnam ilisema haimtambui, na mahakama ikasema mtu asiyetambuliwa na nchi anayopelekwa hawezi kufungiwa milele. Alipata kazi ya kufungasha vyakula huko huko Hong Kong, akapanga kitanda kwenye chumba cha watu wanane. Ilimchukua muda mwingine mrefu kupata hati ya kumwezesha kuvuka mpaka.

Alikuja Guangzhou kwa treni ya kawaida, mchana wa Desemba. Nilikuwa nimesimama na fundi nje ya stesheni kuu, kwenye umati wa watu wenye magunia. Miaka karibu ishirini na moja. Nilijiandaa kwa kilio. Alipotokea, fundi alimtazama juu mpaka chini, akaushika mkono wa koti lake, akaugeuza na kukagua mshono.

"Nani amekushonea hili?"

"Nimenunua."

"Limeshonwa vibaya," fundi akasema, na hakuuachia mkono ule.

Niliita teksi. Yule mdogo akanizuia.

"Naomba tutembee," akasema. "Kule tulikuwa tunazunguka. Ukienda hatua mia unafika kwenye waya, unageuka. Nataka kwenda mbele tu."

Basi tukatembea. Tulifuata Huanshi kuelekea mashariki, fundi amebeba begi la mdogo wake, mimi nyuma yao, baiskeli zikitupita. Tulipita hoteli ambazo wateja wangu walilala, tukapita chini ya madaraja ya magari, tukapita mtaa wangu na mimi sikusema kwamba ni mtaa wangu. Mmoja akiongeza mwendo, mwingine aliongeza. Jua lilikuwa mgongoni mwetu tulipofika Shahe, na wanawake wa karakana walikuwa wamesimama mlangoni na chakula kimeandaliwa.

Mdogo mtu aliangalia mlango, akaangalia barabara iliyokuwa ikiendelea.

"Bado kidogo," akasema.

Fundi akawaambia wanawake wafunike chakula. Akaliweka begi chini, akamshika mdogo wake mkono, wakaendelea mbele.